Beveli ya maumbo: Photoshop, Corel, Inkscape, Affinity au PowerPoint, chagua kulingana na kazi inakoenda

Beveli ni ule ukingo ulioinama unaofanya umbo lionekane limeinuka. Natoa jibu kwanza maana najua kuna mtu ana mteja anampigia simu sahizi. Kama kazi inaishia kwenye skrini, yaani flaya ya WhatsApp, posti ya Insta, kava ya YouTube, tumia Photoshop, na kama huna hela ya kulipia kila mwezi tumia Photopea, ya bure ya kwenye brauza. Kama inaenda matbaa na mteja anataka rangi zitoke kama alivyoziona, CorelDRAW bado ina nafasi yake. Kama unaanza upya na hutaki kulipa kabisa, Affinity. Slaidi za ofisini, PowerPoint inatosha na wala usihangaike. Na kama umbo litakatwa na plota (mashine ya kukata stika kwa kisu) au kuchongwa mhuri, hakuna beveli ya kubofya itakayokusaidia, utaichora kwa mkono, na hiyo nitaieleza mwishoni.

Watu wanabishana programu gani inang'aa zaidi lakini kiukweli zote zinaweza kung'aa, ukikaa nayo saa nzima hata ya bure itakupa dhahabu ya maana. Mi naona maswali ya kujiuliza ni mawili tu: hili umbo litakuzwa au kupunguzwa baadaye? Na mwisho wake ni wapi, skrini, karatasi, au kisu? Ukijibu hayo mawili nusu ya programu zinajitoa zenyewe.

Kingine, wapo wanaotafuta beveli kumbe wanachotaka ni kukata pembe za mstatili ziwe za mshazari au duara. Hiyo ni kitu tofauti, haina mwanga wala kivuli, ni umbo lenyewe linabadilika. Kwenye Inkscape kuanzia toleo la 1.0 la mwaka 2020 iko kwenye Path Effects inaitwa "Corners", kwenye Illustrator unavuta tu vile viduara vidogo vya kwenye pembe. Humu naongelea ile ya ukingo ulioinama, upande mmoja unapigwa na mwanga na wa pili uko kivulini, umbo linaonekana limeinuka.

Photoshop na Photopea

Unabofya mara mbili pembeni ya jina la leya (tabaka moja la kazi yako), dirisha la Layer Style linafunguka, unatiki Bevel & Emboss. Kuna mitindo mitano lakini kazi nyingi ni Inner Bevel, ile inayokata ukingo kwa ndani. Outer Bevel inatokea nje ya umbo, Emboss inagawana nusu ndani nusu nje, Pillow Emboss inazamisha pembeni kama vifungo vya kochi la ngozi, na Stroke Emboss haionekani kabisa mpaka leya iwe na Stroke, yaani mstari wa kuzunguka umbo, watu wanaichagua wanaona hamna kilichobadilika wanadhani kompyuta imeganda.

Chini yake kuna Technique, na hapa ndipo sura ya kazi inaamuliwa. Smooth inatoa ukingo wa mviringo, laini, mzuri kwa vitufe na vitu vya plastiki. Chisel Hard inatoa ukingo mkali wa patasi, ndo ya vyuma na dhahabu. Chisel Soft iko katikati na sijawahi kuona kazi iliyoihitaji sana.

Sasa dhahabu, maana kila mwenye harusi anataka dhahabu. Rangi ya herufi yenyewe isiwe njano kali, weka dhahabu inayoelekea kahawia. Chagua Inner Bevel na Chisel Hard, alafu panda Size taratibu huku unaangalia herufi mpaka zile pande mbili zikutane katikati ya mguu wa herufi na kutengeneza mgongo mmoja mkali. Hapo simama, ukizidisha hamna unachoongeza. Depth anza 100 panda mpaka 200 au 300 ukiona bado imelala. Nenda Gloss Contour (inapanga mng'ao unavyoakisi), toa ule mstari ulionyooka weka Ring, tiki Anti-aliased. Bado kuna kitu kimoja na hiki ndo wengi wanakiruka: Highlight inakuja nyeupe na Shadow inakuja nyeusi. Badilisha zote mbili. Mwanga uwe wa krimu, kivuli kiwe kahawia nzito. Kivuli cheusi juu ya njano kinatoa uchafu wa kijani kijani flani, ndo ile dhahabu unayoiona kwenye kadi inafanana na bati lililopakwa rangi.

Pia "Use Global Light" iache imetikiwa, kwa sababu leya zote zitakuwa na jua moja. Flaya ambayo jina la bwana harusi linapigwa mwanga kutoka kushoto na la bibi harusi kutoka kulia, mtu hawezi kukwambia tatizo ni nini ila anaona tu haijakaa sawa.

Alafu kuna ka-ujanja ka bure humo humo: ukishusha Fill ya leya mpaka 0 na kuacha Opacity 100, rangi ya umbo inapotea lakini beveli inabaki, unapata maandishi kama ya kioo. Kwa wapiga picha hiyo ni alama nzuri ya kuweka juu ya picha za sampuli kabla mteja hajalipa.

Tatizo kubwa la Photoshop ni kwamba beveli yake inahesabiwa kwa pikseli. Ukiwa na herufi yenye Size 20 ukaipunguza kwa Ctrl+T iwe nusu, herufi inapungua lakini ile 20 inabaki 20, ghafla beveli imemeza herufi nzima. Suluhisho lipo: ukibadilisha faili zima kwa Image Size hakikisha "Scale Styles" imetikiwa kwenye kale ka-alama ka gia, na kama ni leya moja, igeuze kwanza kuwa Smart Object (kifurushi kinachobeba leya na beveli yake pamoja) ndo uipunguze, au tumia Scale Effects kwenye menyu ya Layer Style.

Kwenye mabango inakuwa mbaya zaidi kwa sababu Size mwisho wake ni pikseli 250. Chukua bango la mita 3 kwa 1, herufi zenye mguu wa upana wa sentimita 12. Ili mgongo ukutane katikati unahitaji sentimita 6 kila upande. Faili likiwa dpi (pikseli kwa inchi) 100, pikseli 250 ni sentimita 6.35, unapita kwa kubana. Likiwa dpi 150, pikseli 250 ni sentimita 4.2 tu, kwa hiyo katikati ya herufi kunabaki bapa na hamna namna ya kupandisha tena. Ukisema utengeneze ndogo alafu uivute kubwa, itavimba na kuwa na ukungu kama picha nyingine yoyote. Kwa hiyo kwa bango kubwa Photoshop sio chaguo langu la kwanza, labda faili lako uwe umeliweka dpi ya chini tangu mwanzo, ambayo kwa flexi (turubai la bango) inayotazamwa kutoka barabarani sio dhambi hata kidogo.

La rangi: unatengeneza kwenye RGB (rangi za skrini) inawaka, unageuza CMYK (rangi za wino wa kuchapa) inalala. Mwanga wa beveli unachanganywa kwa Screen (inayong'arisha) na kivuli kwa Multiply (inayotia giza), na hesabu za hizo mbili zinatoka tofauti ukishabadilisha aina ya rangi. Ukitaka kupunguza maumivu, tengeneza nakala ya faili, ziunganishe leya ziwe moja kwanza, ndo ugeuze CMYK.

Photopea haina haja ya maelezo marefu, ni dirisha lile lile karibu neno kwa neno, ndani ya brauza, inafungua PSD (faili la Photoshop), bure ila ina matangazo. Kwenye laptop ya RAM ya GB 4 inakwenda vizuri kuliko watu wanavyofikiri ukiwa na leya chache. Kwenye simu inafunguka lakini madirisha yanabanana, utachoka.

CorelDRAW

Hapa utaratibu ni mwingine. Unachagua umbo, unaenda Effects kisha Bevel, paneli inafunguka pembeni. Mitindo ni miwili tu, Soft Edge na Emboss. Emboss ni nakala za mwanga na kivuli zilizosogezwa kidogo, umbo linaonekana limepigwa muhuri kwenye karatasi, basi. Soft Edge ndo beveli yenyewe, na ina kitu ambacho mimi nakipenda kuliko chote cha Photoshop: chaguo la "To center". Ukilitiki huhangaiki na namba, Corel yenyewe inapeleka miteremko mpaka katikati ya umbo, herufi ikiwa ya sentimita 2 au ya mita 2. Lile tatizo la bango nililolieleza juu hapa halipo.

Mwanga una ukali, mwelekeo na urefu, rangi ya mwanga na ya kivuli unachagua mwenyewe. Na rangi za beveli ya Corel ni za CMYK na spoti (wino uliochanganywa tayari) tangu mwanzo, imetengenezwa kwa mtu anayechapa. Ndo maana ukienda kwenye vibanda vya uchapaji Kariakoo au River Road Nairobi, Corel unaikuta imefunguliwa, na ukipeleka faili lake jamaa anarekebisha jina lililokosewa hapo hapo bila kukurudisha nyumbani. Hilo la kurekebisha jina kwa kadi za mchango ni kubwa kuliko mng'ao wowote.

Ubaya wake, muonekano una mwisho. Hamna Gloss Contour, kwa hiyo ile dhahabu yenye mistari ya kuakisi huipati kirahisi, unapata chuma safi kilichochongwa, kama herufi za jiwe la msingi. Haifanyi kazi kwenye picha, ni vekta (maumbo ya mistari, sio ya pikseli) na maandishi ya Artistic Text (sio ya aya) tu. Na fonti zenye mikia mingi zile za harusi, miteremko inagongana kwenye vikona na kutoa vurugu, hizo mi nazipeleka Photoshop.

Inkscape na GIMP

Inkscape ni bure na beveli ziko nyingi mpaka zinachanganya, fungua Filters kisha Bevels, utakuta Smart Jelly, Matte Jelly, Metal Casting na ndugu zao. Unabofya inakaa. Nzuri kwa kujaribu haraka. Ila zile ni filta za SVG (aina ya faili la vekta), kompyuta inazihesabu upya kila ukikuza au kusogeza, ukiweka kwenye maumbo ishirini mashine ndogo inaanza kuhema. Na ukitoa PDF, sehemu yenye filta inageuzwa kuwa picha kwa dpi uliyoweka kwenye lile dirisha la kuhifadhi, kwa hiyo usibonyeze OK bila kuangalia ile namba. Kumpelekea mwenye Corel SVG yenye filta ni kumtafutia lawama, programu moja inaonyesha jeli nyingine inaonyesha doa. Toa PNG ya dpi kubwa umalize.

GIMP zamani ilikuwa na "Add Bevel" kwenye Decor tu, ukishaweka imeingia kwenye picha haitoki. Toleo la 3.0 la Machi 2025 limeleta filta zinazobaki hai kwenye leya na Bevel mpya ndani yake, kwa hiyo sasa unaweza kurudi kuirekebisha. Imeboreka, ila kama sababu ya kuja GIMP ni beveli tu, Photopea iko mbele.

Affinity

Hii wengi hawajaiangalia upya. Canva waliinunua mwaka 2024, na Oktoba 2025 wakaitoa bure kwenye kompyuta, unahitaji akaunti ya Canva tu. Bevel/Emboss iko kwenye Layer Effects, unaweka moja kwa moja kwenye umbo la vekta, na kuna kijitiki kinaitwa "Scale with object". Tiki hiyo na beveli inakua na kupungua pamoja na umbo, yaani lile balaa la Size 20 ya Photoshop linaisha kwa kubofya mara moja. Ukibadilisha fonti beveli inafuata, ukirekebisha mkunjo wa umbo inafuata.

Mipaka ipo: ukitoa PDF ile beveli inakuwa picha, kwa hiyo weka dpi ya faili mapema. Na mwenye kibanda cha kuchapa uwezekano mkubwa hana Affinity, unampelekea PDF iliyokamilika, jina likikosewa unarudi nalo nyumbani. Kwa mtu wa logo, stika na posti anayefanya kazi peke yake, mimi ningemwambia aanze na hii kabla hajatafuta kitu chochote cha kulipia.

Illustrator, PowerPoint na za simu

Illustrator beveli yake ni 3D ya ukweli. Ile ya zamani ya Extrude & Bevel ilikuwa inakuletea onyo kwamba beveli imejikata yenyewe kila ukiweka kwenye herufi zenye kona kali, sasa hivi imepelekwa kwenye 3D Classic na paneli mpya ya 3D and Materials ndo inatumika. Inatoa taa na vivuli vizuri sana lakini inakula mashine, na kwa beveli ya kawaida ya flaya ni kutumia panga kukata kitunguu saumu. Ukiwa unataka herufi unazoweza kuzizungusha uone upande wake, basi ni hii, au Blender ambayo ni bure na inakupa kina na beveli ya herufi kwa namba mbili tu, ila ujiandae kujifunza.

PowerPoint watu wanaidharau bure. Tangu Office 2007 ina beveli 12 za kuchagua kwenye Shape Effects, na ukiingia 3-D Format unapata upana na urefu wa ukingo wa juu na wa chini, aina ya malighafi kama plastiki au chuma, na aina ya taa. Hiyo nayo ni 3D kweli, umbo unalizungusha na mwanga unafuata. Kwa mwalimu au mtu wa ofisi anayetaka vitufe vinne vya menyu kwenye slaidi, kufungua Photoshop ni kupoteza muda. Tahadhari moja: Google Slides haina beveli, kwa hiyo ukijua bosi atafungua kazi kwa Google, acha. Na ukiweka beveli weka ya aina moja kwa slaidi zote, ile ya Art Deco kwenye kila kisanduku inachosha macho kabla hujafika slaidi ya tatu.

Kwenye simu, PixelLab ina emboss na 3D ya maandishi, inatosha kwa posti ya haraka. Canva yenyewe haina beveli, effekti za maandishi ni kivuli, muhtasari, neoni na kadhalika, wanaokuonyesha dhahabu ya Canva wameweka picha ya dhahabu ndani ya herufi.

Beveli ya mkono, kwa plota na mhuri

Plota inakata vinili (plastiki ya stika) ya rangi moja, haijui mpauko, yaani rangi inayofifia kwenda nyingine. Kwa hiyo beveli inabidi iwe vipande vya rangi bapa, na hii unaweza kuichora kwenye programu yoyote niliyotaja yenye zana ya mistari.

Mraba ni rahisi: chora wa milimita 100, ndani yake katikati weka wa milimita 80, unganisha pembe kwa pembe kwa mistari minne. Umepata trapeza nne. Mwanga ukitoka juu kushoto, ya juu iwe nyepesi kabisa, ya kushoto nyepesi kidogo, ya kulia nzito, ya chini nzito zaidi. Duara kwa kuchapa tu, sio kwa kukata: chora la nje lijaze mpauko kutoka mwanga juu kushoto kwenda giza chini kulia, alafu duara la ndani liwe na mpauko huo huo umegeuzwa digrii 180. Macho yanaona pete imeinuka. Hii ni ya zamani sana na bado inashinda nusu ya filta za Inkscape.

Mhuri una wino mmoja, hivyo nyuso za mwanga ziache tupu, nyuso za giza zijaze mistari myembamba ya mshazari, na kati ya uso na uso acha nafasi ya kutosha, wino usije ukaziunganisha.

Nyota ya ncha tano kwa vinili, chora mistari kutoka katikati kwenda kwenye ncha zote tano na kona zote tano za ndani. Zinatoka pembetatu kumi, nusu ya kila mkono nyepesi na nusu nzito, zinapishana zenyewe bila kufikiria, na unahitaji rola mbili tu za vinili. Ila usizikate zote kumi na kuzibandika pembeni kwa pembeni, vinili ikipigwa na jua inasinyaa na nyufa nyeupe zinaanza kuonekana kwenye maungio. Kata nyota nzima kwa rangi nyepesi, ibandike kwanza, alafu zile tano nzito zibandike juu yake.